Miguu inawaka moto baada ya kemo: maswali yenu

Safari hii maswali ya ganzi inayoletwa na kemo, yaani dawa za kutibu saratani, yamekuwa mengi kuliko ya kutapika na nywele kunyonyoka, nimechagua matano nikayafupisha, mniwie radhi kama lako limekatwa.

Shikamoo nesi. Mama yuko kwenye paklitakseli, dawa ya kemo, dripu ya tano. Usiku vidole vya miguu vinamchoma hata shuka hataki limguse, ila daktari hajamwambia, anaogopa atapunguziwa dawa. Tufanyeje?

Marahaba mwanangu. Mwambieni daktari kabla dripu ya sita haijatundikwa, sio baada. Mama haogopi kitu cha uongo, ni kweli daktari anaweza kupunguza dozi, kusogeza tarehe au kubadilisha dawa kabisa, lakini hiyo ndo silaha kubwa tuliyonayo, manake mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitika kuzuia hii shida isitokee. Kinachotokea ni kwamba dawa inaumiza neva (mishipa ya fahamu), na neva ndefu ndo zinaumia mwanzo, ndo maana inaanzia kwenye vidole vya miguu afu inapanda kama mtu anavuta soksi, baadaye inaingia mikononi kama glavu. Ukivumilia kimyakimya mpaka umalize mizunguko yote, unaweza ukabaki na ganzi miaka.

Na akienda asiseme tu "miguu inauma kidogo". Wagonjwa wetu bana, ukimuuliza unaendeleaje anakwambia sijambo, afu unampa fomu asaini, kalamu inamponyoka mara mbili, unamwangalia blauzi unakuta vifungo viwili vya juu viko wazi kwa sababu vidole havivishiki tena. Hayo ndo ya kumwambia daktari: vifungo, funguo kugoma mkononi, kujikwaa, kuangusha vikombe, usingizi kukatika saa nane usiku. Daktari anaamua dozi kwa mambo kama hayo, na uamuzi ni wake yeye na mama, wengine wanapunguziwa, wengine wanaendelea vilevile.

Nimelalamika maumivu nikaandikiwa duloksetini. Nimesoma karatasi ya ndani, ni dawa ya sonona! Kwani mimi nimechanganyikiwa?

Hujachanganyikiwa dada. Dawa hiyo inafanya kazi pia kwenye njia zinazopeleka maumivu kwenye ubongo, na kwa maumivu ya neva yaliyoletwa na kemo ndo pekee ambayo chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kiliipendekeza kwenye mwongozo wa 2014 na kikarudia hivyohivyo 2020. Utafiti wenyewe ulitoka 2013, wagonjwa 231, walianza na miligramu 30 wiki ya kwanza, afu 60 kwa wiki nne. Waliosema maumivu yamepungua walikuwa asilimia 59, na kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa asilimia 38. Sa ukipiga hesabu utaona sio muujiza, kuna watu haiwagusi kabisa, na hata ikikubali inatuliza maumivu zaidi kuliko ganzi.

Ikikuletea kichefuchefu, uchovu au mdomo mkavu, rudi useme. Usiiache ghafla, inapunguzwa taratibu. Na kama ini lako lina shida au unatumia tamoksifeni, ile dawa ya saratani ya matiti, hakikisha daktari anajua, hizo ndo mbili ambazo watu wanasahau kutaja.

Jirani anatumia gabapentini kwa miguu ya kisukari na imemsaidia. Na mimi nichukue?

Ya jirani muachie jirani. Kwa neva za kemo ushahidi wake ni dhaifu, madaktari wengine wanaijaribu pale duloksetini ikigoma na kuna wanaopata nafuu, ila inalevya na kusinzisha, na mguu wenye ganzi ukichanganya na kizunguzungu ni kuanguka tu.

Vitamini za neva je? Nimeuziwa kopo lina B6 nyingi na asetili-L-kanitini.

Hapa huwa napandwa na hasira. B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe inaharibu neva, yaani unanunua ugonjwa uleule unaoukimbia. Na hiyo kanitini, wanawake wenye saratani ya matiti waliokuwa kwenye dawa za kundi la paklitakseli walipewa kwenye utafiti wa 2013, ilipofika wiki ya 24 hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya wasiopewa. Weka kopo pembeni. B12 ni habari nyingine, kama kipimo cha damu kimeonesha imepungua (watumiaji wa metformini, dawa ya kisukari, hili linawapata sana) basi ongezewa, ni haki yako.

Nimemaliza kemo ya oksaliplatini miezi miwili sasa, ganzi ndo inazidi. Kansa imerudi?

Mara nyingi sio hivyo. Dawa za jamii ya platinamu zina tabia hiyo, zinaendelea kuchoma neva miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho, afu zinatulia. Ule umeme wa kushika kitu cha baridi unaokuja siku chache za kwanza ni kitu kingine na huwa unapita. Tafiti zilizojumlishwa pamoja 2014 zilikuta asilimia 68 wana shida hii mwezi wa kwanza baada ya kemo, ila baada ya miezi sita au zaidi ni 30, kwa hiyo wengi inawaachia, ingawa sio wote. Daktari ajue lakini. Na kama miguu imelegea ghafla, mgongo unauma au mkojo haushikiki, usisubiri kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo, hiyo sio ganzi ya kawaida.

Wakati unasubiri neva zipone, zinapona polepole mno, tembea kila siku na fanya mazoezi ya kusimama mguu mmoja ukiwa umeshika ukuta. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, taa ya korido iache inawaka usiku, chupa ya maji moto usiweke miguuni. Viatu vikung'ute kabla ya kuvaa na jioni kagua nyayo kwa kioo. Kuna baba alikuja kliniki anachechemea, namvua kiatu nakuta kajiwe, kamekaa tangu asubuhi, soksi imeloa damu na yeye hana habari.