Barua kwa mwanangu anayetaka kwenda kurekodi Berlin

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Sisi wazima. Baba yako goti linamsumbua kidogo, lakini bado anabishana na wauza samaki kama kawaida yake.

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia usiku. Unasema bendi imevunjika, mpiga drams amepata kazi Arusha, na wewe unazo nyimbo unazotaka kuzitoa kwa jina lako mwenyewe. Halafu ukaniuliza: "Mama, Robert Forster alipoachana na wenzake alikwenda Berlin akarekodi albamu ya peke yake. Mimi nikienda huko huko nitakuwa nimekosea wapi?"

Kwenda si kosa. Ila huyo uliyemtaja umemtazama nusu. Umeutazama mji aliokwenda, hukutazama alikwenda kwa nani.

Mimi nilikuwa simjui mpaka uliponitumia zile nyimbo. Nimezisikiliza kwa masikio ya mtu aliyekaa nyuma ya meza ya mitambo redioni mpaka akastaafu, na habari zake nimezitafuta. Tuseme ukweli, sauti hana. Anaimba kama mtu anayemsimulia jirani jambo juu ya uzio. Lakini maneno yamepangwa na mtu mwenye subira, na gitaa halimziki. Nimeelewa kwa nini umempenda.

Sasa twende taratibu. Forster ni mtu wa Brisbane, Australia. Mwaka 1977 yeye na rafiki yake wa chuo kikuu, Grant McLennan, walianzisha bendi ya The Go-Betweens. McLennan hakujua kupiga chombo chochote. Forster ndiye aliyemfundisha gitaa la besi. Mwaka 1978 wakatoa santuri yao ya kwanza chini ya lebo yao wenyewe, bila kumsubiri mtu aje awagundue. Kuanzia hapo wakawa watu wa mabegi. Mwaka 1980 walirekodi Uskochi kwa lebo ndogo ya Glasgow iliyoitwa Postcard. Albamu yao ya pili waliirekodi Eastbourne, pwani ya kusini ya Uingereza, ikatoka mwaka 1983. Ya mwaka 1984 waliirekodi Ufaransa, studio ya Miraval. London waliishi miaka mingi, na fedha zilikuwa haba. Bendi ilivunjika mwishoni mwa 1989.

Kwa hiyo mwaka 1990 alipoingia studio za Hansa pale Berlin kurekodi *Danger in the Past*, hakuwa mgeni wa kurekodi ugenini. Alikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kujua saa ya studio inavyokula fedha. Na kampuni ya Beggars Banquet ilikuwa nyuma yake. Wewe nyuma yako yupo mama yako na akiba ya SACCOS.

Lakini tazama majina yaliyo kwenye albamu ile. Prodyuza ni Mick Harvey, Mwaustralia mwenzake. Walikuwa wakifahamiana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na bendi zao ziliwahi kuingia studio pamoja zikarekodi wimbo. Kwenye drams yupo Thomas Wydler, aliyekuwa akipiga na Harvey katika bendi ya mwimbaji Nick Cave. Yupo Hugo Race, Mwaustralia mwingine. Na fundi mitambo alikuwa Victor Van Vugt. Maana yake ni kwamba Forster alisafiri hadi Ujerumani, akaingia chumba kilichojaa watu wanaojua anakotoka. Kama Harvey angekuwa anafanya kazi Lisbon, nadhani albamu ile ingerekodiwa Lisbon, na wewe leo ungekuwa unanisumbua kuhusu Lisbon.

Usinichukulie kwamba naudharau ukumbi wa Hansa. Chumba kizuri ni chumba kizuri, na mwimbaji maarufu David Bowie alifanya kazi pale mwaka 1977, ukuta uliogawa mji ukiwa karibu kabisa. Najua ndicho kinachokuvuta. Ila mimi nimeona redioni chumba kilekile, maikrofoni zilezile, bendi moja inatoka na wimbo unaopigwa hadi leo na nyingine inatoka na kelele. Tofauti ilikuwa nani amekaa kwenye meza, na kama anajua wakati wa kusema "hapo hapo, usiongeze kitu".

Fuatilia safari zake zingine utaona mtindo ni huohuo. Albamu ya *Warm Nights*, mwaka 1996, aliirekodi London kwa Edwyn Collins. Huyo Collins alikuwa mwimbaji wa Orange Juice, bendi iliyokuwa Postcard wakati uleule Forster alipopita Uskochi kijana mdogo. Miaka 16 baadaye mwenzake ana studio, naye akaenda kwa mwenzake. Kisha *Inferno*, iliyotoka 2019, alirudi tena Berlin. Kwa nani? Kwa Victor Van Vugt, fundi yuleyule wa 1990. Na hii ya juzi, ya mwaka 2025, kairekodi Stockholm kwa Peter Morén, mwanamuziki wa Uswidi.

Katikati ya hizo kuna *Songs to Play* ya mwaka 2015. Hiyo aliifanya nyumbani, kwenye studio ya mlimani, Mount Nebo, nje kidogo ya Brisbane, pamoja na vijana wa bendi ya hapohapo mjini kwake. Isikilize tena kwa makini. Mimi naipenda kuliko ile ya Berlin ya kwanza. Ina pumzi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikuandikie barua badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu ungenikatiza. Baada ya 1996 Forster hakutoa albamu ya peke yake mpaka 2008. Miaka 12. Sehemu ya muda huo alikuwa amerudiana na McLennan, wakatoa albamu tatu pamoja. Tarehe 6 Mei 2006 McLennan akafariki, ana miaka 48. Albamu ya *The Evangelist* iliyofuata ina nyimbo tatu ambazo marehemu alikuwa amezianza. Na tazama tena alikoirekodi: London, kwa Mark Wallis na Dave Ruffy, watu waliofanya kazi na Go-Betweens siku zao za mwisho.

Ukiwa na mwenzako kwenye bendi, kuna mtu wa kukuambia ubeti wa tatu hauna kazi. Mnagombana, mnanuniana, lakini ubeti unaondoka. Ukiwa peke yako kila ubeti ni mtoto wako, na nani anakubali mtoto wake atolewe nje? Nyimbo nne ulizonitumia nimezipenda zote, ila ile ya kivuko ina dakika mbili ambazo bendi isingekuachia. Unajua ni zipi. Kwa hiyo swali langu kwako si "Berlin au Dar?" Swali ni: nani atakuwa anakukatalia? Ukinitajia jina la mtu aliyeko Berlin, ambaye amesikia nyimbo zako na ameshakwambia jambo lililokuudhi kidogo, nitakuwa wa kwanza kukusindikiza uwanja wa ndege. Ukinitajia jina la studio tu, nitakuuliza tena.

Unakumbuka habari za Remmy Ongala? Orchestra Makassy walipohamia Nairobi, yeye hakwenda. Alibaki Dar akajiunga na Matimila. Alipokuja kwenda kurekodi Uingereza, studio za Real World katika kijiji cha Box, alikwenda na bendi yake. *Songs for the Poor Man* ikatoka 1989, *Mambo* ikafuata 1992. Magitaa yale yanaongea kwa sababu yalikuwa yamezoeana kwenye kumbi za hapa kabla hayajaonja baridi ya kule. Sisemi ubebe watu wanane, hatuna nauli hiyo. Nasema angalau gitaa la pili litoke hapa, mtu ambaye ukivuta pumzi anajua unaingia.

Hasa kwa kuwa unaimba Kiswahili. Fundi wa kule, hata awe bingwa namna gani, hatasikia maneno. Atachagua uimbaji ulionyooka sauti na kuutupa ule uliobeba maana. Atakata pumzi mahali ambapo sentensi haijaisha. Mpiga drams ataweka pigo zito juu ya silabi isiyostahili, wimbo uchechemee, na wewe utashindwa kueleza kwa nini. Dawa yake si ngumu. Rekodi kwanza hapa nyumbani, gitaa na sauti tu, kila wimbo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatwakatwa. Kasi ya kila wimbo uiandike. Maneno uyatafsiri kwenye karatasi, mstari kwa mstari, na pale maana inapokaa upigie mstari. Siku ya kwanza kule kabla ya kugusa waya wowote, wasikilize hizo demo. Na mwisho wa kila siku chukua nakala ya kazi yote kwenye diski mbili, moja isikae kwenye begi moja na nyingine.

Kuhusu haki za nyimbo, hapa nitakuwa mkali. Forster na McLennan kila mmoja alikuwa akitunga zake, lakini kwenye santuri wakaandika majina yao wote wawili. Ulikuwa uamuzi wao, na ulijulikana. Ninyi hamkuamua chochote. Ule mlio wa gitaa unaofungua wimbo wa kivuko si wako, ni wa mwenzako wa Tanga. Nilikuwepo sebuleni alipoubuni. Kabla hujafikiria ndege, kaeni chini, muandike nani ana sehemu gani kwenye kila wimbo, mtie saini. Kisha nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukazisajili. Ukipiga muziki Ujerumani kuna shirika lao linaitwa GEMA linalokusanya mirabaha ya watunzi, lakini haliwezi kumlipa mtu asiyejulikana mahali popote.

Na ikitokea kampuni ya kule ikajitolea kulipia studio, usirukeruke. Mara nyingi fedha hizo si zawadi. Huzikata kwenye mirabaha yako hadi ziishe kabla wewe hujaona senti, na mara nyingi rekodi yenyewe, ile mnayoiita masta, inabaki mali yao. Uliza masta ni ya nani na kwa miaka mingapi. Kama jibu ni refu kuliko swali, nitumie mkataba niusome na baba yako kabla hujaweka saini.

Halafu usiache kazi ya kuchora ramani za majengo. Najua hutaki kusikia. Lakini huyohuyo Forster tangu 2005 alikuwa akiandika uhakiki wa muziki katika jarida la *The Monthly* kule kwao, na mwaka 2006 akapewa tuzo ya uhakiki. Ameandika na vitabu. Hakukaa kusubiri albamu zimlishe, na sidhani kama nyimbo zake zimepungua utamu kwa ajili hiyo.

Mpango ninaoweza kuuchangia ni huu. Miezi hii ukae na demo. Drams na besi mrekodi hapa Dar, watu unawajua, na gharama tunaimudu. Hayo yakikamilika, wewe na mpiga gitaa mwende kwa huyo mtu, popote alipo, mkafanye sauti, magitaa ya juu na miksi. Siku zitakuwa chache na kila siku itakuwa na kazi yake. Kama ni Ujerumani, viza ya muda mfupi ya Schengen inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, zinakutosha kabisa. Ukitaka kupiga maonyesho ya kulipwa hukohuko, uliza ubalozini mapema, usije ukawa na bango mtaani na huna kibali.

Nauli yako nitatoa mimi. Ya mwenzako tutachangishana; baba yako ameguna, lakini hajakataa. Pasi yako inakwisha mwakani, na ubalozi hautaki pasi iliyobakiza miezi michache, kwa hiyo nenda Uhamiaji wiki hii. Nikumbushe nikupe cheti chako cha kuzaliwa, kipo kwenye faili la hati za nyumba.

Mama yako