Jibu: SPSS au R kwa data za mwaloni Kirumba?

Mdogo wangu, umeuliza utumie SPSS au R, programu za kuchambua takwimu. Kwa data zako za bei ya dagaa na sangara pale Kirumba, soko la samaki Mwanza, chukua R. Ni ya bure, wakati SPSS ni ya kulipia, na nakala za wizi zinaweza kukujazia virusi kwenye laptop yenye tasnifu. Uzuri wa R ni kwamba amri zako zinabaki kwenye faili: msimamizi akisema ondoa Februari, unabadilisha mstari mmoja, unaendesha upya, grafu zote zinafuata.

Ukiogopa kuandika amri, anza na programu iitwayo jamovi. Nayo ni bure, unabofya menyu tu, na ndani yake inafanya kazi R.

Kuingiza data, Excel inatosha. Ila tafadhali, usiandike "ndoo 2" kwenye seli! Weka 2 peke yake, kipimo kikae kwenye safu wima nyingine, la sivyo programu itasoma maneno na wastani hutaupata.