Re: Mbona vijana wa panga wakikamatwa wanarudi mtaani wiki hiyo hiyo?

Dadangu, kutoka kwa dhamana si kushinda kesi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, inampa mshukiwa haki hiyo isipokuwa pawe na sababu nzito ya kumzuilia. Kinachoniuma mimi ni kinachofuata. Jirani yangu hapa Kisauni, Mombasa, alikatwa mkono na vijana hao akitoka tarawehe. Akaandikisha OB (kitabu cha matukio cha polisi), akajaziwa P3 (fomu ya daktari ya kuthibitisha majeraha), kisha kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mpaka nauli ya kortini ikamshinda. Na wallahi aliogopa pia, nyumba yake vijana hao wanaijua. Sasa bila shahidi hakimu atamfunga nani? Ukiitwa kutoa ushahidi nawe ukapewa vitisho, mwambie kiongozi wa mashtaka mapema. Sheria ya kulinda mashahidi ipo tangu 2006. Nambari ya OB usiipoteze.