Swali la lugha: Mama mkubwa "amevunjika moyo"?

Msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam, ameniandikia: "Mwalimu, shikamoo. Mama mkubwa alibanwa kifua siku ya tatu ya msiba wa mumewe, tukamkimbiza hospitali. Walipompiga picha, mishipa ya moyo haikuwa imeziba. Daktari akautaja ugonjwa kwa Kiingereza, na kijana wetu mmoja akatufasiria: 'moyo uliovunjika'. Tangu hapo wajomba wanamsema, eti amekata tamaa, ajipe moyo. Je, tafsiri hiyo ni sahihi?"

Marahaba, na mfikishie pole mama mkubwa. Kijana wenu amefasiri neno kwa neno, na wajomba nao wameelewa kama Mswahili yeyote angeelewa. Hapo ndipo mgonjwa alipoponzwa.

Kwetu, aliyevunjika moyo ni aliyeishiwa ari. Mwanafunzi akifeli mara mbili huvunjika moyo; shabiki wa Simba akifungwa na Yanga huvunjika moyo mpaka Jumatatu. Dawa yake ni kutiwa moyo. Mwingereza anapotumia maneno hayo huwa anazungumzia majonzi makali, hasa ya kufiwa au kuachwa, na kwa majonzi hayo sisi tuna simanzi, tuna kihoro. Mtu akisemwa kuwa amekufa kwa kihoro, hakuna anayemlaumu marehemu kwa uzembe.

Sarufi nayo inachangia. "Amevunjika mguu" na "amevunjika moyo" zimejengwa sawasawa: mtu ndiye kiima, kiungo kinafuata. Ila ya kwanza eksirei itaionyesha, ya pili haionyeshi kitu. Ukiitamka ile ya pili wodini, mmoja ataelewa kuna ufa moyoni na mwingine atatafuta maneno ya kumfariji.

Ugonjwa wenyewe unaitwa takotsubo. Madaktari wa Japani walioueleza mwaka 1990 waliona kwenye picha kwamba chumba cha chini cha kushoto cha moyo kimetuna upande wa ncha, huku juu kumebana kama shingo. Wakakumbuka chombo cha udongo ambacho wavuvi wao humtegea pweza, wakachukua jina lake. (Wavuvi wetu humchokoa pweza miambani kwa mti au chuma, kwa hiyo hatukuwa na neno la kuazima.) Dalili ni zilezile za mshipa wa moyo kuziba, kifua kubana na pumzi kukatika, hivyo nyumbani hakuna awezaye kutofautisha. Hospitalini mrija mwembamba hupitishwa hadi kwenye mishipa ya moyo, dawa ikamiminwa, eksirei ikaonyesha kama njia iko wazi. Eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, huonyesha ule mtuno. MRI, picha inayopigwa kwa nguvu za sumaku, huongeza jambo moja zuri: msuli umevimba, lakini kwa kawaida hauna kovu la msuli uliokufa. Walio wengi moyo hurudia umbo lake baada ya siku au wiki kadhaa, ingawa mwanzoni hatari ni ya kweli.

Nilikuwa tayari kupendekeza "moyo wa kihoro", utafiti ukanizuia. Katika uchunguzi wa wagonjwa 1,750 uliochapishwa mwaka 2015, karibu 9 kati ya 10 walikuwa wanawake, wengi wao wa umri mkubwa. Walioanzia kwenye msukosuko wa hisia walikuwa asilimia 28 hivi. Walioanzia kwenye maradhi au misukosuko mingine ya mwili walikuwa asilimia 36. Mwaka uliofuata, kati ya wagonjwa 485 ambao hisia ndizo zilizowaangusha, 20 waliangushwa na furaha. Aliyeanguka kwa furaha ya harusi ya bintiye utamwambiaje ana kihoro?

"Mshtuko wa moyo" ungefaa kuliko yote, maana mwili umeshtuka kweli. Bahati mbaya magazeti yameshaupa mshipa ulioziba jina hilo, sambamba na "shambulio la moyo", ambalo sijawahi kulipenda: nani kashambulia?

Limebaki umbo. "Mtungi" unafanana na chombo kile cha Kijapani, lakini kijana wa Dar leo akisikia mtungi anawaza gesi. "Kibuyu" kina shingo nyembamba na tumbo la mviringo, kinatosha kabisa, isipokuwa kikitajwa mbele ya mgonjwa kuna shangazi atakayemkumbuka mganga. Mimi ningekubali hatari hiyo ya shangazi. Kwenye faili liachwe takotsubo, linatamkika bila shida. Wajomba waambieni hivi: "Mishipa yake haikuziba. Moyo umetuna kama kibuyu na kulegea, mwenyewe hakujitakia. Afuate dawa na arudi kupimwa eko siku aliyopangiwa."

Na huyo kijana msimgombeze. Mwakani atawafasiria tena.