Usiiwashe Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Mashine ya Pinboli

Mbukwenyi, wasomaji. Toleo lililopita nilitaja kwa sentensi moja tu kwamba sebuleni kwangu Chang'ombe kuna mashine ya pinboli niliyoifufua kwa miezi kumi na moja, nikirudi kutoka kibanda changu cha redio kila jioni. Sikutegemea barua zote hizi. Kwa asiyeijua: ni meza ndefu yenye mteremko na kioo juu yake. Unafyatua gololi ya chuma, inapanda, inashuka ikigonga vizuizi na kuhesabu pointi, nawe unaizuia isipotelee chini kwa vibao viwili vinavyorushwa na umeme, yaani flipa. Leo najibu wanne. Wa kwanza nampa nafasi kubwa kwa sababu amebakiza hatua moja tu kabla ya kuiharibu.

SWALI: Fundi, shikamoo. Marehemu babu yetu alikuwa na baa hapa Kongwa. Stoo tumekuta mashine ya gololi imeandikwa Gottlieb, Chicago. Ina miguu ya chuma, namba zake zinazunguka kwenye magurudumu, na waya wake una pini mbili bapa. Mchwa hawajaigusa, ila imejaa vumbi na panya wamezalia humo. Kaka yangu amenunua adapta ya soketi, anataka tuichomeke tuone kama inawaka. Tuchomeke? (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie kaka yako aiweke hiyo adapta kabatini. Pini mbili bapa ni za Marekani, na huko umeme wa nyumbani ni kama volti 120. Wetu ni 230. Adapta inabadilisha umbo la pini tu, volti hazibadiliki. Mkichomeka leo, transfoma ya ndani itapokea karibu mara mbili ya ilichotengenezewa, na transfoma hiyo ndiyo moyo wa mashine: inatoa kama volti 25 za kuendesha koili, yaani waya uliozungushwa unaovuta chuma ukipata umeme, na kama volti 6 za kuwasha balbu.

Fungueni kwanza, mkaisome. Juu ya transfoma huwa kuna maandishi, na baadhi ya mashine zilizouzwa nje ya Marekani zina mahali pa kuhamishia waya ili zipokee volti 220 au 230. Kama yenu haina, tafuteni transfoma ya kushusha 230 kwenda 115, isiyopungua wati 500. Si zile ndogo za kuchajia mashine ya kunyolea. Jueni pia kwamba umeme wao unapigapiga mara 60 kwa sekunde na wetu mara 50. Kwa hiyo mota ndogo inayopanga hesabu za pointi itazunguka polepole kidogo, na transfoma itapata joto zaidi. Yangu inafanya hivyo mpaka leo na inacheza vizuri, ila siiachi ikiwaka mchana kutwa.

Umeniambia namba ni za kuzunguka. Basi hiyo haina kompyuta ndani. Mashine za kompyuta zilianza kushika soko mwishoni mwa miaka ya 1970. Yenu inafikiri kwa swichi, rilei (swichi zinazovutwa na koili) na mota, na kila kosa lake unaweza kuliona kwa macho ukiwa na tochi na subira. Kwa mtu wa Kongwa nitaongeza hili: mwaka 1947, wakati matrekta ya mradi wa karanga yanang'oa vichaka hapo kwenu, kiwanda hichohicho cha Gottlieb kilitoa mashine ya kwanza yenye flipa za umeme. Iliitwa Humpty Dumpty, na flipa zake zilikuwa sita. Kabla ya hapo mchezaji alikuwa anafyatua, kisha anabaki kutazama na kuitikisa meza.

Sasa panya. Vaeni barakoa, toeni kiota chote. Mkojo wa panya unakula shaba, kwa hiyo kila waya ulio chini ya kiota uvutwe taratibu kwa kidole. Uliooza utakatika mkononi, na ni heri ukatike sasa. Unganisheni kwa kulehemu, msisokote na kufunga utepe. Vumbi litoeni kwa brashi laini ya rangi, mtu mwingine akishika bomba la mashine ya kufyonza. Msipulize kwa kompresa ya gereji. Mnajua vumbi letu lilivyo jembamba. Kompresa italisukuma ndani ya swichi ambako halikuwapo.

Kioo cha picha kilicho kwenye boksi la juu, nakuomba kama mzazi, usikifute kwa nyuma. Ile rangi imechapwa upande wa nyuma wa kioo, na baada ya miaka mingi ya joto la balbu inakuwa kama ganda la kitunguu. Nimeona mtu akipitisha kitambaa kibichi mara moja tu, uso mzima wa msichana wa kwenye picha ukabaki kwenye kitambaa. Futa upande wa mbele tu, kisha kihifadhi kimesimama, kimeegemea blanketi. Balbu zilizoungua zikibadilishwa, weka namba 47 badala ya 44. Zote ni za volti 6.3, lakini 47 inakula miliampea 150 wakati 44 inakula 250, kwa hiyo kioo hakipikwi.

Mwisho, fyuzi. Zitoeni zote, msome kila moja, mlinganishe na namba iliyoandikwa kwenye kishikilio chake au kwenye mchoro. Aliyeishika mashine yangu kabla yangu alikuwa ameviringisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kwenye fyuzi iliyokatika. Sikuiangalia. Nilipowasha, koili ya flipa ya kushoto iliungua kabla sijamaliza kusema bismillahi, na harufu ilikaa kwenye mapazia siku tatu. Koili hiyo niliisubiri wiki saba kutoka nje. Waya wa kuchomekea nao mbadilishe, wekeni wa nyuzi tatu wenye ethi, kwa sababu milango na miguu ni chuma na watoto watashika. Siku ya kuwasha, toeni kwanza fyuzi ya koili, muwashe balbu peke yake. Zikikaa nusu saa bila joto la ajabu wala harufu, ndipo mrudishe fyuzi ya koili, na mmoja wenu awe ameshika swichi ya soketi, tayari kuzima.

SWALI: Fundi, flipa ya kulia ya mashine yangu inanyanyuka kivivu, gololi haifiki hata katikati. Jirani amenishauri nipulizie mafuta ya kulegeza kutu kwenye koili na swichi zote. Nimeshashika kopo. (Kijana wa Manyoni)

JIBU: Liweke chini, mdogo wangu. Mafuta hayo yanashika moto, na swichi za mashine ya aina hii zinatoa cheche kila zinapofanya kazi. Halafu mafuta yakikutana na vumbi la Manyoni yanageuka ugali. Mchi, ule wa chuma unaopanda na kushuka ndani ya koili, unatakiwa ufanye kazi mkavu. Uchomoe, uufute kwa spiriti, na mrija uliomo ndani ya koili ukiwa umechubuka ubadilishe.

Lakini mimi sidhani kama tatizo lako liko kwenye mchi. Koili ya flipa ina nyuzi za aina mbili juu ya kiini kimoja. Uzi mnene unavuta kwa nguvu kubwa, uzi mwembamba unashikilia tu. Flipa ikiwa imelala, kuna swichi pembeni yake iliyofungwa, yaani inayopitisha umeme, inayouruka ule uzi mwembamba ili nguvu yote ipite kwenye uzi mnene. Flipa ikifika juu inaisukuma swichi ifunguke, umeme unalazimika kupitia nyuzi zote mbili, nguvu inashuka, koili inapumzika huku flipa imesimama. Swichi hiyo ikiwa chafu, umeme unapitia uzi mwembamba tangu mwanzo, na ndio uvivu unaouona. Ikiwa haifunguki kabisa, nguvu kubwa haikatiki na koili inaungua ukiendelea kubonyeza.

Chomoa waya wa ukutani. Inua uwanja, yaani ule ubao gololi inaotembea juu yake, usimamishe kwenye fimbo yake. Vichwa vya swichi hiyo ni vya metali ngumu, vinahitaji tupa ndogo bapa, mikwaruzo mitatu minne mpaka ving'ae. Kisha isukume flipa kwa mkono: swichi ifunguke flipa ikiwa karibu kabisa na mwisho, kwa nafasi ya kama milimita tatu. Swichi nyingine ndogo usizipige tupa hivyo. Pitisha kipande cha karatasi ngumu katikati, ibane kidogo, uivute. Ikitoka na mstari mweusi, rudia. Fanya swichi moja, jaribu, ndipo uende nyingine. Mimi nilirekebisha sita kwa mkupuo siku ya kwanza, nikapata makosa mawili mapya na sikujua yametoka kwenye ipi.

SWALI: Uwanja wa mashine umekuwa mweusi. Naweza kuusugua kwa maji na sabuni ya unga? Na gololi imeota kutu, nitapata wapi nyingine Dodoma? (Ipagala)

JIBU: Maji hapana. Uwanja ni plaiwudi iliyopakwa rangi na vanishi. Vanishi ikiwa na nyufa, maji yanaingia, mbao inavimba, picha inabanduka. Tumia kitambaa cha pamba na spiriti kidogo, ukijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Rangi ikianza kutoka kwenye kitambaa, acha hapohapo. Ukishakauka, paka nta ngumu ya gari isiyo na chembe za kusugulia, ung'arishe.

Gololi ya kutu itupe leo, maana kila inapopita inakuwa msasa. Unayotaka ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa kama gramu 80. Nenda duka la bearingi ukiwa na ya zamani mfukoni, wapime pamoja nawe, uchukue inayong'aa kama kioo. Ukimaliza, weka mteremko sawa: kwa mashine za zamani ni digrii tatu na nusu, yaani mwisho wa juu wa uwanja uwe juu kuliko wa chini kwa sentimita sita na kidogo. Pimamaji ya fundi mwashi inatosha.

SWALI: Mwanangu amenunua mashine hiyo na wenzangu kanisani wanasema ni dubwi, nimeleta kamari ndani. Nifanyeje? (Mama wa Kondoa)

JIBU: Mama, wasiwasi wako si mgeni. New York walizipiga marufuku mwaka 1942, meya wao Fiorello La Guardia akazivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha, kwa sababu waliamini ni bahati tupu. Ilipofika 1976 kijana mmoja, Roger Sharpe, aliletwa mbele ya baraza la jiji acheze. Alitaja kabla ya kufyatua gololi itapita njia ipi, ikapita hiyo. Marufuku ikaondolewa.

Dubwi linameza sarafu na linaweza kutema sarafu. Mashine ya pinboli haitoi hela. Ukipata pointi nyingi inakupa mchezo mwingine, basi. Hata kuitikisa inaadhibu: ndani kuna timazi, kama ya mwashi, inayoning'inia katikati ya pete. Ukiisukuma meza kwa hasira timazi inagusa pete na gololi hiyo umeipoteza. Wajukuu zangu wamejifunza kutuliza mikono kwa timazi hiyo kuliko kwa maneno yangu.

Ila mwanao akitaka kuiweka dukani na kutoza watu, aende kwanza kwenye Bodi ya Michezo ya Kubahatisha aulize, asisubiri kuulizwa. Na kama ni ya nyumbani, mwambie atafute gurudumu dogo linalohesabu michezo iliyobaki. Lina swichi inayofunguka likifika sifuri. Akiikunja ibaki imefungwa, mashine itaanza bila sarafu, na tundu la kuingizia hela aliwekee kibao cha mbao, kama nilivyofanya mimi.