Weka karatasi ya kaboni kando

Wengi tuliojifunzia kudarizi nyumbani tulianzia kwenye foronya: waridi pembeni, ndege wawili wanatazamana, chini yake "Usiku Mwema". Mchoro uliazimwa nyumba kwa nyumba na kupitishwa kwenye karatasi ya kaboni hadi mistari ikafifia. Sina ugomvi na foronya hizo, bado nazilalia. Ila ukitaka watu waitambue kazi yako kabla hata hawajauliza bei, itabidi uache kuazima waridi la jirani.

Ninachowaambia wanaoanza ni hiki: ukiangalia ua, ondoka na jambo moja tu, lile ambalo bado unalikumbuka wiki ikipita.

Chukua asumini. Kwetu pwani asumini ya kutunga huchumwa alasiri ikiwa bado tumba, maana hufunguka usiku. Shangazi yangu alikuwa akiitunga kwa sindano na uzi kibarazani, huku anaongea, wala haangalii mikono. Kwa hiyo nikidarizi asumini, ninachokifuata ni tumba lile: refu, jembamba, limepinda kidogo, na kijani penye kikonyo. Kwa uzi ni mshono mmoja mrefu wa kulala, mwingine mfupi ubavuni, kisha vishono viwili vya kijani chini. Basi. Yapange mengi kwa mstari, ongeza majani ya rehani, na yeyote aliyewahi kubandikwa kikuba kifuani siku ya harusi atajua ni nini. Angalia tu kitambaa chako: nyeupe juu ya bafta nyeupe hupotea. Mimi hutumia uzi wa rangi ya krimu juu ya kijani kibichi au buluu nzito.

Safari nazo zina faida, hata za karibu. Ukitoka Muheza ukapanda milima ya Usambara hadi Amani, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu utakuta ua dogo la zambarau ambalo Ulaya wanalifuga kwenye vyungu madirishani. Ni la kwetu. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa eneo hilo enzi za ukoloni, ndiye aliyelifikisha Ujerumani, na mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia kutokana na jina lake. (Wenyeji wa milima ile walilijua zamani, lakini hayo tuyaache.) Kila mtu hulipenda kwa rangi. Mimi nilirudi na majani yake, yana manyoya laini yanayoonekana vizuri mwanga ukipiga kwa upande. Kuyapata hayo manyoya, usijaze jani lote kwa uzi. Tawanya vishono vifupi, kitambaa kionekane katikati yake. Kwenye ua lenyewe weka vifundo viwili vya njano, vinatosha.

Piga picha kwa simu, sikukatazi. Lakini picha huonyesha kila kitu, na mkono nao hutaka kushona kila kitu. Afadhali chora kwa penseli ukiwa njiani kurudi, simu ikiwa mkobani. Ukifika nyumbani fungua picha uhakikishe idadi ya petali, basi.

Asiye na nauli amwombe aliyefika Mji Mkongwe wa Zanzibar amsimulie alichokiona, au akae na kofia ya vito ya babu yake aone jinsi vitundu vinavyopangwa. Au afungue sanduku la kanga. Kwenye rangi, hakuna aliyenifundisha kuliko kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, na bibi harusi anapendeza. Siku hizi kabla sijanunua nyuzi huweka kanga ya mama mezani, nachagua rangi tatu kutoka humo, na ya nne nainyima nafasi hata ikinililia. Kazi hutulia.

Uzi mwekundu ndio wa kutiliwa shaka zaidi. Kata kipande, kilaze juu ya kitambaa cheupe, mwagia maji ya moto, subiri kikauke. Kikichuja, rudi dukani ukabadilishe kabla hujatia sindano.