Nihamie kwenye nyaya?

SWALI: Shikamoo kaka. Natengeneza biti za singeli kwa programu ya FL Studio, mwaka wa tatu sasa. Rafiki yangu anasema prodyuza wa kweli anajenga sauti mwenyewe kwa kuunga nyaya za kwenye skrini, katika programu ya VCV Rack. Nimejaribu, nikakesha bila kupata biti hata moja. Nihame au nibaki?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Baki. Ila usiku ule hukuupoteza.

Singeli inakwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Kwa mbio hizo lazima uione ngoma yote kwa mtupo mmoja wa jicho. FL Studio, tangu ikiitwa FruityLoops miaka ya 1990, imebeba ule mstari wa vitufe 16: bonyeza kushoto pigo limekaa, bonyeza kulia limetoka. Naupenda sana. Msanii anaghani kasimama mlangoni, na mimi namdaka kabla wazo halijamtoka.

Nyaya zilinipa kitu kingine. Siku ya kwanza kwenye VCV Rack niliweka osileta, yaani moduli (kisanduku) inayotoa mlio, nikavuta waya hadi kwenye spika. Ikalia nzzzz, haikomi. Nilidhani imeharibika. Kumbe hakuna kilichoiambia ianze wala inyamaze. Ilitaka moduli ya kupandisha na kushusha sauti, na nyingine ya kuiongoza hiyo. Hapo ndipo nilipoielewa ADSR, vile vitufe vinavyopanga sauti ipande, ishuke, ikae na ififie vipi, niliyokuwa naizungusha miaka yote kwa kubahatisha.

Programu inayonipokea na ukurasa mtupu inanichosha. Inayonificha njia ya sauti nayo siitaki. Moyo wangu uko kwa Reason, programu nyingine ya muziki iliyotoka Sweden mwaka 2000: vyombo vimepangwa kabatini, ukibonyeza Tab kabati linageuka na kukuonyesha mgongo, nyaya zinaning'inia na kuyumba. Usipotaka kuziona, huligeuzi.

Wewe huna haja ya kununua nyingine. Fungua Patcher humohumo kwenye FL Studio. Inabeba plagini nyingine (vyombo na vibadilisha sauti) ndani yake, unaziunga kwa nyaya, unahifadhi zote kama chombo kimoja, kisha unakipiga kwenye vitufe vyako 16. Anza na kinanda kimoja. Kigawe njia mbili: moja ipite kavu, nyingine ipite kwenye distoshani inayoikwaruza sauti, halafu mwangwi mfupi. Sikiliza, badilisha waya mmoja, sikiliza tena.

VCV Rack ni ya bure, haikimbii. Irudie Jumapili ambayo huna kazi ya mtu mezani.